Kompyuta inapoganda baada ya kuongezewa RAM: Gharama wanalipa wakulima

SAA tatu asubuhi foleni nje ya ofisi ya chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho mkoani Mtwara ilikuwa imeshavuka barabara na kufika chini ya mwembe. Ilikuwa mwanzoni mwa msimu wa 2024/25. Wengi waliokuwa kwenye foleni hawakuleta korosho siku hiyo. Walikuja kuhakiki majina, kilo na namba zao za akaunti kabla orodha ya malipo haijapelekwa benki.

Ndani ya ofisi, karani alikuwa akiitazama kompyuta mpakato ambayo kishale chake kilikuwa kimesimama katikati ya jina la mkulima. Alisogeza kidole, hakikusogea. Saa iliyo kwenye kona ya kioo ilisomeka 8:47 na haikubadilika tena. Akabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia mpaka mashine ikazima, kisha akaanza upya. Ilikuwa mara ya tatu tangu afungue ofisi.

Kilichowashangaza wote ni kwamba siku nne kabla ya hapo mashine hiyo ilikuwa imeboreshwa. Ilikuwa na kumbukumbu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la RAM, ya GB 4 tu, na kila karani alipofungua faili la Excel lenye wakulima wote pamoja na ukurasa wa intaneti, ilikuwa nzito kupita kiasi. Bodi iliidhinisha fedha. Mjumbe aliyekuwa na safari ya Dar es Salaam akaagizwa kipande kingine cha GB 4, akakinunua Kariakoo, na kijana mmoja wa ofisini aliyewahi kuona kazi hiyo ikifanyika akakipachika. Kompyuta ikawaka, ikasoma GB 8, watu wakapongezana.

Kuanzia mchana wa siku hiyo ikaanza kuganda. Wakati mwingine baada ya dakika 20, wakati mwingine baada ya saa nzima, na haikuchagua kazi.

Mkasa wa namna hii si wa chama hicho peke yake. Ofisi nyingi ndogo za vijijini, kuanzia vyama vya msingi, SACCOS, maduka ya pembejeo hadi viwanda vidogo vya kubangua korosho, zinaendeshwa kwa kompyuta moja iliyonunuliwa ikiwa imekwishatumika, na njia ya kwanza ya kuipa uhai ni kuiongezea RAM. Ni uamuzi wa busara kiuchumi, kwa kuwa kipande cha RAM ni rahisi kuliko mashine mpya. Lakini hesabu hiyo hubadilika mara moja endapo mashine itaanza kuganda na mwenye nayo hajui aanzie wapi.

Nani anabeba hasara

Tuchukue mfano rahisi. Wakulima 40 wanaambiwa warudi kesho kwa sababu orodha haifunguki. Kila mmoja akitumia Sh4,000 ya bodaboda kwenda na kurudi, siku moja ya kuganda imekula Sh160,000. Bado haijahesabiwa siku ya kazi shambani aliyoipoteza kila mmoja katika kipindi ambacho korosho zinaanguka na zinatakiwa kuokotwa kila siku.

Fedha hizo hazionekani kwenye vitabu vya chama. Chama kimetumia fedha za kipande kimoja cha RAM, basi. Ndiyo maana ofisi inaweza kuvumilia mashine inayoganda kwa wiki mbili bila kuona kuwa inapoteza kitu, kumbe hasara imehamishiwa kwa watu waliokaa chini ya mwembe. Mtu anayelipia nauli si yule anayeamua lini fundi aitwe.

Katika chama hiki fundi aliitwa siku ya tano, baada ya mzee mmoja aliyetoka kijiji cha mbali kukataa kuondoka ofisini mpaka aone jina lake.

Swali la kwanza la fundi

Fundi aliyefika kutoka mjini alikuwa kijana mwenye mkoba mdogo wa bisibisi. Baada ya shikamoo na marahaba, katibu wa chama alimweleza kuwa mashine ina virusi, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa na watu wawili tofauti.

"Kabla haijaanza kuganda, ilifanywa nini, mzee?" aliuliza fundi.

"Haikufanywa kitu. Iliongezwa RAM tu."

"Basi tuanze na hiyo tu."

Swali hilo lina thamani kuliko vifaa vyote vilivyokuwa kwenye mkoba wake. Mkulima aliyeshiriki shamba darasa analifahamu vizuri: ukibadilisha mbegu, mbolea na nafasi ya kupandia katika msimu mmoja, kisha mavuno yakapungua, huwezi kujua kilichokuangusha. Unabadilisha kitu kimoja, unaacha vingine kama vilivyokuwa, unapima. Kompyuta iliyokuwa nzito lakini haigandi, ikaanza kuganda siku ileile ilipoongezwa RAM, tayari imekwishataja mshukiwa wa kwanza. Huenda si yeye aliyetenda kosa, lakini ndiye wa kuhojiwa kwanza.

Kwa bahati mbaya mafundi wengi wa mitaani hawaanzi hapo. Dawa yao ya kila ugonjwa ni kupiga Windows upya. Katika tatizo hili dawa hiyo ni mbaya mara mbili. Kwanza inafuta au kuhatarisha faili za ofisi. Pili, kama kumbukumbu yenyewe ndiyo mbovu, Windows mpya inapita kwenye kumbukumbu hiyohiyo wakati wa kusimikwa, hivyo inaweza kukaa kwenye diski ikiwa tayari ina kasoro. Mteja analipa, mashine inaganda tena baada ya siku mbili, na sasa kuna matatizo mawili badala ya moja.

Fundi huyu aliizima kompyuta kabisa. Hapo pia kuna jambo la kuangalia. Tangu Windows 8, kubonyeza kuzima kwa kawaida huwa hakuizimi mashine yote. Sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili iwake haraka kesho yake. Ukishikilia kitufe cha Shift wakati unachagua kuzima, inazima kweli. Baada ya hapo alichomoa chaja, akatoa betri, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 20 ili umeme uliobaki ndani uishe, akagusa chuma cha dirisha kuondoa umeme tuli mwilini, ndipo akafungua kifuniko cha chini.

Herufi moja kwenye karatasi

Vipande viwili vya RAM vilikuwa vimelala vizuri kwenye nafasi zake. Fundi alivitoa, akavipanga juu ya karatasi mezani na kumwita karani asome maandishi ya kibandiko cha kila kimoja. Kile cha zamani kiliandikwa PC3L-12800S. Kile kipya kiliandikwa PC3-12800S.

"Umeona tofauti, dada?"

Karani alisoma mara mbili kabla ya kuiona. Ilikuwa herufi L.

Herufi hiyo inahusu umeme. Kumbukumbu ya aina ya DDR3 ya kawaida imetengenezwa kufanya kazi kwa volti 1.5. Aina ya DDR3L imetengenezwa kufanya kazi kwa volti 1.35, na nyingi ya hizo zinaweza pia kuvumilia volti 1.5. Kinyume chake si kweli: kipande cha volti 1.5 hakijaahidiwa na mtengenezaji wake kufanya kazi kwa volti pungufu. Kompyuta mpakato nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha nne, zilizoanza kuuzwa mwaka 2013, zilitengenezwa kwa ajili ya DDR3L. Hizo ndizo zilizojaa katika maduka ya mitumba, na mashine ya chama ilikuwa mojawapo.

Tatizo ni kwamba aina hizo mbili zina umbo moja. Zote zina pini 204, na mwanya wa kuzuia kupachika kimakosa uko mahali palepale. Mtu akijaribu kuingiza DDR4, yenye pini 260, katika nafasi ya DDR3, haiingii, na hapo kosa linajulikana kabla ya umeme kuwashwa. DDR3 na DDR3L zinapokezana nafasi bila ubishi. Mashine nyingine hugoma kuwaka kabisa, na hiyo ni heri. Nyingine huwaka, husoma GB zote, na kuendelea kwa muda hadi kipande kinapopata joto au kazi inapokuwa nyingi, ndipo huganda.

Namba 12800 nayo ina maana yake. Inaonyesha kasi, na kwa DDR3 inalingana na ile inayoandikwa 1600. Ile ya 10600 inalingana na 1333. Vipande vya kasi tofauti kwa kawaida hukubaliana kufanya kazi kwa kasi ya kile kinachokwenda polepole, kama ng'ombe wawili katika nira moja. Tofauti ya kasi peke yake si sababu kubwa ya kuganda, ingawa wauzaji wengi huitaja kwanza. Volti, ukubwa usiokubaliwa na mashine, na kipande kibovu ndivyo vya kuangaliwa zaidi.

Kuhukumu kwa ushahidi

Fundi hakutangaza ushindi alipoiona herufi hiyo. Alirudisha kipande cha zamani peke yake, akafunga, akamwambia karani aendelee na kazi mpaka jioni. Mashine ilikuwa nzito kama zamani, lakini haikuganda.

Asubuhi iliyofuata alifanya jambo ambalo karani aliliona ni la kupoteza muda: alikitoa kipande hicho cha zamani na kukihamishia kwenye nafasi ya pili, ile iliyokuwa na kipande kipya. Sababu yake ni ya msingi. Kama nafasi yenyewe kwenye ubao mama ndiyo yenye kutu, vumbi au pini iliyopinda, basi kipande kizima nacho kitaganda kikiwekwa hapo, na kurudisha RAM dukani hakutasaidia kitu. Mashine ilifanya kazi saa tatu bila kuganda. Nafasi ilikuwa nzima.

Ndipo akaweka kipande kipya peke yake kwenye nafasi ya kwanza. Kompyuta iliwaka mara ya pili tu ilipojaribiwa, na baada ya dakika 35 ikaganda.

Majaribio hayo matatu hayakuhitaji programu wala intaneti. Yalihitaji bisibisi moja na uvumilivu wa siku mbili. Mtu yeyote anayeweza kufungua kifuniko cha chini anaweza kuyafanya, mradi akumbuke kuwa kipande huingizwa kwa kulala mshazari wa kama nyuzi 30, kisha husukumwa chini taratibu mpaka vibanio vya pembeni vilie. Kikikaa vizuri, sehemu ya dhahabu karibu yote hufichika ndani ya nafasi. Kipande ambacho hakikuingia sawasawa ni chanzo cha kawaida sana cha kuganda, na tiba yake haigharimu hata senti. Pini zenye uchafu husafishwa kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo na kuachwa zikauke; ufutio wa penseli ambao mafundi wengi huutumia huacha vumbi lake ndani ya nafasi, hivyo si mzuri kama unavyosifiwa.

Kwa anayetaka kupima kwa programu, zipo mbili zinazofahamika. Windows yenyewe, tangu toleo la Vista la mwaka 2007, ina kipimo cha kumbukumbu. Mtu huandika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia programu, hukubali mashine iwashwe upya, na kipimo huanza kabla Windows haijaamka. Nyingine ni MemTest86+, ya bure, ambayo huwekwa kwenye flashi na mashine ikawashwa kutoka kwenye flashi hiyo. Hii ya pili ni kali zaidi na inafaa kuachwa usiku kucha ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Kosa moja tu likionekana, kipande hicho, au mpangilio huo wa vipande, hakifai kwa kazi ya fedha. Usiku mmoja bila kosa ni dalili nzuri, ingawa si kiapo, kwa kuwa makosa mengine hujitokeza mchana mashine ikiwa na joto.

Si kila kuganda ni RAM

Yapo mambo mengine yanayojificha nyuma ya kuongezwa kwa RAM, na ni vizuri kuyataja kwa kuwa yanaweza kumfanya mtu amlaumu muuza duka asiye na kosa.

Joto ni mojawapo. Kufungua mashine kunaweza kulegeza waya wa feni au kusukuma vumbi lililoganda likaziba njia ya hewa. Katika hali ya hewa ya pwani, mashine inayokaa juu ya kitambaa cha meza au lundo la mafaili haipumui. Dalili yake ni feni inayolia kwa nguvu au iliyonyamaza kabisa, na chini ya mashine panakuwa moto kiasi cha kushindwa kuweka kiganja.

Diski ni nyingine. Windows hutenga kwenye diski faili la kuhifadhi kazi wakati mashine imelala, na faili hilo hukua kadiri RAM inavyokua. Diski iliyokuwa imebakiza nafasi finyu inaweza kujaa ghafla baada ya RAM kuongezwa. Aidha diski za zamani za kuzunguka huchakaa, na zikianza kufa mashine husimama kwa dakika nzima kisha hurejea yenyewe huku taa ya diski ikiwaka mfululizo. Huko si kuganda kwa RAM. RAM mbovu kwa kawaida huiua mashine moja kwa moja, au huleta kioo cha bluu, au huizima na kuiwasha upya.

Kuna pia mashine ambazo hazinufaiki kabisa. Windows ya biti 32, ambayo bado inakutwa kwenye kompyuta za zamani, haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 katika matoleo ya kawaida ya mezani. Chama kinachonunua RAM ya ziada kwa mashine kama hiyo kimenunua kisichotumika. Nyingine zina kikomo kilichowekwa na mtengenezaji, na mashine nyembamba za miaka ya karibuni zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao mama, haitoki wala haibadilishwi.

Kuhusu BIOS, yaani ile programu inayoamka kabla ya Windows, ni kweli kwamba baadhi ya mashine hutulia baada ya BIOS yake kufanywa ya kisasa. Lakini kazi hiyo ikikatizwa na umeme katikati, mashine inaweza isiwake tena. Mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, hiyo iwe hatua ya mwisho, betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa.

Hatari isiyoonekana kwenye kioo

Kuganda ni kero, lakini kuna jambo baya zaidi ambalo fundi alimweleza katibu kwa sauti ya chini, wakulima wasije wakapata hofu. Kwa siku tano, majina na kilo za watu vilikuwa vikipita kwenye kumbukumbu isiyoaminika kabla ya kuhifadhiwa kwenye diski.

Kompyuta huandika kila tarakimu kama safu ya sifuri na moja. Katika utaratibu wa kawaida wa kuandika maneno, tarakimu 1 na 9 hutofautiana kwa biti moja tu. Vivyo hivyo 0 na 8, na 2 na 3. Namba ya akaunti iliyo kwenye kumbukumbu yenye biti inayojigeuza inaweza kutoka na 9 mahali pa 1, ikahifadhiwa, na faili likafunguka vizuri kabisa kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna onyo litakalotokea kwenye kioo.

Uwezekano wa kosa kuangukia kwenye tarakimu hasa ni mdogo, kwa sababu ndani ya kumbukumbu kuna mambo mengi zaidi ya orodha ya wakulima. Mara nyingi zaidi programu hukwama, au faili hugoma kufunguka. Hata hivyo, makosa ya kumbukumbu si hadithi ya mafundi. Mwaka 2009 Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake wawili wa Google walichapisha utafiti juu ya kompyuta za vituo vya Google, wakaeleza kuwa kwa mwaka takriban theluthi moja ya mashine hizo zilipata angalau kosa moja la kumbukumbu lililoweza kusahihishwa, na zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM viliguswa. Mashine zile zilikuwa na kumbukumbu maalumu yenye uwezo wa kugundua na kusahihisha makosa. Kompyuta mpakato za kawaida hazina uwezo huo.

Kwa hiyo ushauri wa fundi ulikuwa mgumu kumeza: orodha yote iliyoingizwa au kuhaririwa tangu siku RAM ilipoongezwa ihakikiwe upya kwa kulinganisha na nakala za stakabadhi zilizobaki kwenye vitabu. Katibu alipinga kwanza. Benki ilikuwa inasubiri na wakulima walikuwa wamechoka. Karani ndiye aliyesema afadhali siku moja ya kuhakiki kuliko mwezi mzima wa kufuatilia fedha zilizokwenda kwa mtu mwingine.

Kazi hiyo ilichukua siku moja na nusu, mmoja akisoma kitabu na mwingine akitazama kioo. Faili la siku moja halikufunguka kabisa, likaingizwa upya lote. Katika mafaili mengine walikuta safu mbili zisizolingana na stakabadhi, moja ya kilo na nyingine ya namba ya akaunti. Kama zilitokana na RAM au na kidole cha karani aliyekuwa akiandika kwa haraka kila mashine ilipofufuka, hakuna aliyeweza kusema. Zilisahihishwa, na wakulima hao wawili hawakujua jinsi walivyokaribia kuja kugombana na chama.

Ikumbukwe kuwa uhakiki huo uliwezekana kwa sababu vitabu vya karatasi vilikuwepo. Zipo ofisi ambazo zimeacha kuandika kwa mkono kwa imani kuwa kompyuta inatosha. Kabla ya kufungua mashine kwa ajili ya kuongeza chochote, nakala ya mafaili yote iwekwe kwenye flashi au diski ya nje, na nakala hiyo isiguswe hadi mashine imefanya kazi wiki nzima bila kuganda. Kuhifadhi nakala mpya juu ya ile ya zamani wakati mashine bado inaumwa ni kuhamishia ugonjwa kwenye akiba.

Kurudi Kariakoo

Muuzaji alipopigiwa simu alisema kile ambacho wengi husema, kwamba mali ikitoka dukani hairudi. Mjumbe aliyenunua alikuwa na risiti ya EFD, lakini juu yake paliandikwa "RAM laptop 4GB" tu, bila aina. Kisheria na kibiashara hapo pana ubishi: mnunuzi aliomba RAM ya GB 4 na akapewa RAM ya GB 4. Muuzaji hakudanganya, na kipande chenyewe huenda ni kizima kabisa kikiwekwa katika mashine inayokitaka. Baada ya mazungumzo muuzaji alikubali kubadilisha kwa nyongeza kidogo ya fedha, na kipande cha PC3L kikapakiwa kwenye basi.

Hapo ndipo panapoonekana kasoro ya ununuzi wenyewe. Hakuna mkulima anayemtuma mtu mjini amletee "dawa ya mikorosho" bila kutaja kama ni salfa ya unga ya kuzuia ubwiri unga au dawa ya maji ya kuua wadudu. Lakini RAM huagizwa kwa ukubwa tu. Njia rahisi kuliko zote ni kutoa kipande kilichomo, kupiga picha kibandiko chake kwa simu, na kumpa picha hiyo anayekwenda dukani. Maandishi yale yale yaandikwe kwenye risiti, pamoja na muda wa majaribio, walau wiki moja. Muuzaji anayekataa kuandika aina ya kitu anachouza ametoa taarifa muhimu kuhusu duka lake.

Liko pia swali la kama fedha hizo zingetumika vizuri zaidi kwingine. Kwa mashine yenye GB 4 na diski ya kuzunguka, kubadilisha diski na kuweka SSD mara nyingi huleta nafuu kubwa inayoonekana siku hiyohiyo, kwa sababu uzito mwingi wa mashine hizo hutokana na diski. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu aanze kwa kutazama taa ya diski wakati mashine imelemewa. Ikiwaka bila kupumzika, asikimbilie RAM kabla hajajua kama faili alizofungua zinazidi kumbukumbu aliyonayo. Aidha msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, na nyingi ya mashine za umri huo hazikidhi masharti ya Windows 11, kwa hiyo bodi inayopanga kutumia fedha nyingi kwa mashine ya mwaka 2013 inapaswa kujiuliza itatumika miaka mingapi, au kama itahamia kwenye mfumo wa Linux.

Kipande kipya kilipowasili, fundi alikipachika jioni na kuiacha mashine na MemTest86+ usiku kucha kwenye umeme. Asubuhi kioo kilionyesha makosa sifuri baada ya mizunguko kadhaa. Karani alifungua faili la wakulima wote pamoja na ukurasa wa intaneti, mambo mawili yaliyokuwa yakiishinda mashine hapo awali, na mchana wa siku iliyofuata orodha ilipelekwa benki, siku nane baada ya tarehe waliyokuwa wameahidiwa wakulima.

Ndani ya kifuniko cha kompyuta hiyo sasa pamebandikwa kipande cha karatasi chenye mwandiko wa karani: DDR3L, PC3L-12800S, volti 1.35, nafasi mbili, zote zimejaa.